Sarahangi wa Ngoma

Msomaji wangu, usikiapo nyimbo nzuri arusini, masikio yako humwendea mwimbaji na macho yako huwafuata wapigaji. Hiyo ni desturi wala haina lawama; mtu huonja asali kwanza, ndipo akauliza habari za nyuki. Lakini insha hii yataka kuuliza jambo ambalo wasikilizaji hulisahau. Ni nani aliyewaleta watu hawa hapa? Ni nani aliyehesabu ngoma na zumari kabla ya kuondoka, akatafuta gari, akakubaliana na mwenye arusi juu ya ujira, akajua watu wake watakula nini na watalala wapi, na kesho atagawa fedha mbele ya macho ya wote? Mtu huyo yupo kila mahali penye muziki unaosafiri. Siku hizi huitwa meneja wa safari. Jina ni jipya, lakini kazi yenyewe ni kongwe katika pwani yetu.

Watu wa bahari wana neno linalofaa kulieleza jambo hili. Katika jahazi, nahodha ndiye mwenye amri, na jina lake ndilo litajwalo chombo kinapotia nanga. Chini yake yuko sarahangi, mkubwa wa mabaharia, ambaye huangalia kamba, tanga, shehena na watu. Nahodha akiwa hodari na sarahangi mvivu, chombo hakifiki salama. Mwimbaji ni mfano wa nahodha, na msimamizi wa safari ndiye sarahangi wake. Nami nasema kwamba historia ya muziki wa pwani ya kusini ya Kenya haielezeki vema kwa majina ya manahodha peke yao. Kundi zuri huweza kufa njiani, waimbaji wakiwapo tele na sauti zao zikiwa bado tamu, kwa kuwa tu halikupata sarahangi mwaminifu.

Tutazame kwanza nchi yenyewe. Ukitoka kisiwani Mombasa kwenda kusini utapita Likoni, Tiwi, Ukunda na Diani. Kisha Gazi, Msambweni na Ramisi. Mwisho utafika Lunga Lunga, penye mpaka wa Tanzania. Shimoni na Vanga ziko ukingoni mwa bahari. Upande wa bara, juu ya vilima vya Shimba, uko mji wa Kwale, na nyuma yake Kinango, nchi ya Waduruma. Kwa muda mrefu mtu wa huko hakuweza kwenda kisiwani kwa njia fupi, wala mtu wa kisiwani kufika huko, pasipo kuvuka maji ya Kilindini. Feri ya Likoni imevusha watu tangu mwaka 1937. Siku hizi ipo pia barabara ya Dongo Kundu, na gari laweza kuifuata lisipande feri. Walakini feri ingali njia ya watu wengi.

Kwa mtu asafiriye peke yake, feri ni kuchelewa kidogo tu. Kwa kundi la watu kumi na watano wenye vinanda, ngoma, vipaza sauti na jenereta, feri ni mtihani. Arusi ya Msambweni imepangwa kuanza baada ya sala ya isha. Foleni ya magari ni ndefu. Bibi arusi anangoja. Mwenye arusi anapiga simu kila baada ya dakika tano. Hapo wapigaji husinzia garini, lakini msimamizi hasinzii. Yampasa aseme neno la kumtuliza mwenyeji bila kumdanganya, na yampasa pia awazuie watu wake wasikimbilie chombo kilichojaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka katika maji hayo hayo, na watu 272 wakapoteza maisha. Mtu akumbukaye siku hiyo hatauona uamuzi wa kungoja feri ya pili kuwa ni woga.

Zamani za kale, kabla ya magari na mikataba ya karatasi, ngoma zilisafiri vilevile. Wadigo wana ngoma nyingi, na sengenya ni miongoni mwa zilizovuma mbali. Zumari hulia, ngoma za ukubwa mbalimbali hujibizana, upatu hutia sauti yake, na wachezaji hufuata. Ngoma hii ikialikwa kijiji kingine, mambo mengi hupaswa kukubaliwa mapema: siku, idadi ya wageni, chakula, mahali pa kulala, na heshima watakayopewa wakubwa wa ngoma. Hata kuni zina sehemu yake, maana ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa bahari na huhitaji kupashwa moto ndipo ipate sauti. Mwenyeji asiyeambiwa habari ya kuni huenda akawapokea wageni kwa wali na nyama, na bado ngoma zikalia kama madebe mabovu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi achezaye ugenini atatunzwa na nani? Hapo ndipo kazi ya sarahangi huanza.

Mwishoni mwa karne ya 19 kazi hii ilipata sura mpya. Katika miji ya pwani, Mombasa na Lamu zikiwa mbele, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga matarumbeta, na wachezaji wake waliiga gwaride la askari na la wanamaji. Beni ilienea Tanganyika, ambako vyama vyake vikubwa viliitwa Marini na Arinoti, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisukuma mbali zaidi barani, kwa kuwa askari na wapagazi walikwenda nayo. Wakuu wa vyama hivyo walijipa vyeo vya wafalme, majenerali, maadmirali na madaktari. Wageni wengi walivicheka vyeo hivyo, na baadhi ya watawala wa kikoloni walivitilia shaka. Lakini tukivitazama vizuri twaona kwamba nyuma ya mzaha palikuwa na utaratibu. Chama kilikuwa na matawi katika miji mingi, na mwanachama aliyesafiri aliweza kupokewa na wenzake wa mji mwingine. Fedha zilichangwa, karamu zikapangwa, wageni wakakaribishwa.

Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye vyeo na mashindano makali. Ibinaal Watan na Banu Saada ni majina yaliyokumbukwa sana katika mji huo. Kushindana kulikuwa na hasara yake: chama kimoja kikifanya karamu, chama cha pili kilitaka kuishinda, na fedha nyingi zikaliwa katika siku chache. Lakini ndani ya mashindano hayo wanawake walijifunza kuchanga, kutunza hazina, kukusanya watu na kuwaongoza. Katika miaka ya 1950, baadhi yao waliupeleka ujuzi huo katika vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu mjini Mombasa. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba usarahangi ni kazi ya wanaume, wala usidhani kwamba mtu aliyejifunza kuendesha ngoma amejifunza mchezo mtupu.

Sasa tuvuke bahari hadi Unguja, kwa maana huko ndiko ilikotoka safari mashuhuri kuliko zote katika muziki wa Kiswahili. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na ambaye zamani aliuza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti yake, alisafiri mwaka 1928 pamoja na wenzake mpaka Bombay, nchini India, kuimba katika sahani za santuri. Aliyewachukua alikuwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye alama ya mbwa asikilizaye mashine. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Mbaruk Effandi Talsam, mwenyeji wa Mombasa, aliyekuwa kipofu. Sahani zile zikauzwa pwani nzima, na safari ya pili ikafuata mwaka 1929.

Fikiri safari hiyo ilitaka nini. Ilitaka nafasi katika meli, chakula cha siku nyingi baharini, na mahali pa kulala katika mji ambao lugha yake si Kiswahili. Ilitaka mtu wa kumshika mkono mwenzao asiyeona, ngazini na katika msongamano wa bandari. Ilitaka vyombo vya muziki vilivyofika bila kuvunjika. Ilitaka pia mtu wa kuelewana na mafundi wa mashine juu ya idadi ya nyimbo na urefu wa kila moja, maana uso mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua dakika chache tu, na wimbo wa kiasili uliozoea kukesha ulipaswa kukatwa. Mambo hayo hayakuandikwa katika karatasi ya sahani. Palibandikwa jina la mwimbaji na la wimbo.

Safari ya Bombay yatufundisha kupambanua watu watatu ambao mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza ni mwenye mali, yaani yule anayetoa fedha kwa kutumaini faida. Wa pili ni wakala, anayetafuta kazi na kuandika mapatano. Wa tatu ni msimamizi wa safari, anayekaa na wanamuziki tangu wanapoondoka mpaka wanaporudi. Wa kwanza humjali mnunuzi, wa pili huijali karatasi, na wa tatu huwajali watu. Yaweza kutokea mtu mmoja akafanya kazi zote tatu, na hapo ndipo penye hatari. Maana amwakilishaye mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja, bei ataipanga kwa faida ya nani?

Hatari hiyo ilionekana wazi katika zama za madansi. Baada ya vita vya pili vya dunia magitaa ya umeme, vipaza sauti na seti za ngoma vilikuwa ghali, na vijana wachache waliweza kuvinunua. Akatokea mtu aliyeitwa mwenye vyombo. Yeye alinunua vyombo, akawaajiri wapigaji, akawasafirisha, na akaweza kuwaacha njiani apendapo. Nchini Tanzania vyama vya wafanyakazi na majeshi vilianzisha bendi zao wenyewe. Mfano mashuhuri ni bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo wapigaji wake waliajiriwa na chama. Nchini Kenya wapigaji wengi walitegemea wenye mabaa, wenye hoteli na wenye maduka ya sahani, na kwa hiyo walihamahama sana.

Ndugu wa ukoo wa Kinyonga ni mfano mzuri. Wilson na George Peter Kinyonga waliupigia muziki Jamhuri Jazz mjini Tanga, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaja Mombasa, ambako walijenga bendi ya Simba Wanyika, kabla ya kuhamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Taarabu nayo haikujali mpaka: sauti za Tanga, za Black Star na Lucky Star, na hasa sauti ya Shakila, zilipendwa Mombasa kama za nyumbani, na duka la Assanand la Mombasa lilitoa sahani chini ya jina la Mzuri. Ukitazama ramani utaona kwamba Tanga na Mombasa zina Kwale katikati yake. Watu wa Lunga Lunga, Msambweni na Ukunda walikaa penye njia ya muziki huo.

Kabla hatujarudi Diani, naomba uniruhusu nikupeleke Marekani kwa muda mfupi, kwa sababu huko kuna kisa kinachofanana na maisha ya mwanafunzi kuliko visa vya madansi. Mwaka 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilifunguliwa mjini Nashville shule ya Fisk kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Miaka mitano baadaye shule ilikuwa imelemewa na madeni. Mweka hazina wake, George White, ambaye pia alifundisha kuimba, aliondoka tarehe 6 Oktoba 1871 pamoja na vijana tisa, wengi wao waliokuwa wamezaliwa utumwani, kwenda kuimba miji kwa miji ili kuiokoa shule. Mwanzoni walipata fedha kidogo sana, na hata hizo za kwanza walizitoa kuwasaidia waliounguliwa na moto mkubwa wa Chicago. Mahali pengi walikataliwa hotelini kwa sababu ya rangi yao. White alitafuta malazi usiku, akanunua tikiti, akatunza hesabu, na tena akaongoza kuimba. Vijana wale walifika mbele ya Rais Grant mwaka 1872, na mwaka 1873 wakaimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Fedha walizoleta zililipa madeni na kujenga jumba kubwa ambalo lingali likisimama shuleni hapo.

Sauti za vijana wale zilikuwa nzuri siku ya kwanza kama zilivyokuwa mwaka wa pili. Kilichofanya sauti hizo ziwe jumba kubwa ni kwamba kila dola ilifika ilikokusudiwa. Shika jambo hilo moyoni tunaporudi pwani yetu.

Katika miaka ya 1970 hoteli za Diani ziliongezeka, na wageni wa Ujerumani, Uingereza, Uswisi na Italia wakaja kwa wingi kukimbia baridi ya kwao. Wageni walitaka bahari mchana na muziki usiku. Bendi za hoteli zikapata kazi, na vikundi vya ngoma kutoka vijiji vya Kwale vikaalikwa kucheza baada ya chakula cha jioni. Sarahangi wa kijijini akajikuta na kazi mpya. Zamani alikubaliana na mzee wa kijiji kwa kahawa na maneno. Sasa alikaa ofisini mbele ya meneja wa hoteli, akaulizwa bei ya saa moja, akapewa karatasi ya kutia sahihi.

Bendi za hoteli za pwani zilitoa pia wimbo uliozunguka dunia. Them Mushrooms, kundi la ndugu wa Kaloleni lililoanza kwa jina hilo mwaka 1972, lilirekodi Jambo Bwana mwaka 1982, wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda kwa kuyasikiliza maneno ambayo wageni walipenda kujifunza. Wimbo huo ukaimbwa na makundi mengine mengi, hata Ulaya. Hapa twaona kwamba wimbo waweza kusafiri bila mtunzi wake, bila feri na bila tikiti. Nao pia wahitaji mlinzi: mtu wa kuuandikisha, wa kutunza karatasi zake, na wa kudai haki ya mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya msimamizi haiishi siku ya kurudi nyumbani.

Sasa tuitazame fedha, maana ndiyo mwamba uvunjao vyombo vingi. Tuchukue mfano wa kubuni. Hoteli yalipa shilingi 12,000 kwa kikundi cha watu 12. Gari limekula 2,400, na ngozi mpya ya ngoma 600. Zabaki 9,000, na kila mtu apata 750. Sasa tuseme msimamizi amewaambia wenzake kwamba hoteli ililipa 10,800. Baada ya gharama zabaki 7,800, na kila mtu apata 650. Kila mmoja amepoteza shilingi 100 tu, kiasi ambacho hakimfanyi mtu alale na njaa. Msimamizi naye ametia kibindoni 1,200. Yaonekana ni jambo dogo. Lakini siku moja mpiga zumari atakutana na karani wa hoteli sokoni Ukunda, na katika mazungumzo ya kawaida ile hesabu ya kweli itatajwa. Tangu siku hiyo hakuna atakayeamini gharama yoyote, hata ile ya haki. Mpiga zumari ataondoka, na mpiga zumari hodari hapatikani kila mwezi. Msimamizi huyo ameiuza ngoma ya wazee wake kwa shilingi 1,200.

Dawa ya ugonjwa huu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ni daftari moja, lililoandikwa siku ile ile, likisomwa kwa sauti mbele ya wote, pamoja na karatasi ya hoteli. Arusini vilevile: watu wakiinuka kumtuza mwimbaji, anayezikusanya noti na azihesabu mbele ya mashahidi wawili. Mwaminifu hapungukiwi na kitu kwa kuhesabiwa.

Tena msimamizi hupimwa siku za shida kuliko siku za neema. Mwezi wa Agosti 1997 watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko chake. Machafuko yakaenea pwani ya kusini, watu wakauawa na wengine wengi wakahama. Wageni wakaacha kuja, na hoteli zikakaa tupu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, hoteli za Diani zilifungwa na arusi za watu wengi zikakatazwa. Magazeti yaliandika habari za wenye hoteli na wafanyakazi wao. Mcheza ngoma alikuwa hana mkataba wa mwezi wala mshahara. Habari ya kukosa kazi aliletewa na msimamizi wake, mlango kwa mlango au kwa simu. Msimamizi aliyekuwa ameweka akiba ya kikundi siku za neema alikuwa na neno la kuwaambia. Aliyekuwa amegawa kila kitu hakuwa nalo, na asiyekuwa mwaminifu hakupokelewa simu yake. Vikundi viliporudi kucheza baada ya shida, kilirudi kwa urahisi kile ambacho watu wake walikuwa bado wanaaminiana.

Kazi hii, basi, ina sehemu tatu. Kabla ya safari, msimamizi huandika mapatano: siku, saa, ujira, chakula, malazi, na nini kitafanyika arusi au tamasha likiahirishwa. Huhesabu watu na vyombo, na kwa safari za ng'ambo hukagua pasipoti na ruhusa za kuingia nchi za watu mapema, maana ruhusa haitolewi kwa kuonewa huruma uwanjani. Njiani, hulinda saa, afya na adabu. Hujua nani anatumia dawa gani, nani hali chakula gani, na nani hapaswi kuketi karibu na nani. Afikapo, hukagua jukwaa, umeme na vipaza sauti kabla ya wasikilizaji kuingia. Baada ya safari, hulipa, huandika, hurudisha vyombo mahali pake, na humshukuru mwenyeji. Ukiangalia vizuri utaona kwamba akifanya yote haya vema, hakuna atakayegundua kwamba amefanya neno lolote. Akikosa moja, kila mtu atalitaja jina lake.

Pengine utasema, kazi gani hii isiyo na sifa? Nami nakujibu kwamba umekwisha kuifaidi bila kujua. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake yaanzia mwaka 1927, kila mwaka huzitoa shule katika kaunti zao mpaka kwenye mashindano ya taifa. Shule ya Kwale ikipeleka sengenya yake mji wa mbali, yupo mwalimu aliyekusanya barua za wazazi, aliyehesabu wanafunzi kila basi liliposimama, na aliyebeba sindano na uzi kwa ajili ya vazi litakalochanika dakika tano kabla ya kuitwa jukwaani. Unguja nako, tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limewakusanya wanamuziki wa nchi nyingi, na kila kundi linaloshuka bandarini lina mtu wake mwenye orodha mkononi. Kijana wa Msambweni asiye na sauti ya kuimba wala vidole vya kupiga udi, lakini mwenye mwandiko safi, saa inayokwenda sawa na mkono usioiba, ana nafasi katika muziki. Makundi mengi yanamtafuta.

Namalizia kwa kukupa kazi, kama ilivyo desturi ya walimu. Katika kijiji chako wapo wazee wanaokumbuka ngoma za zamani, madansi ya zamani na taarabu za kukesha. Waendee. Watakutajia waimbaji upesi, nawe waandike. Kisha waulize swali la pili: nani alikuwa akiwapeleka? Watanyamaza kidogo, watatazamana, halafu mmoja wao atalikumbuka jina. Muulize jina la baba yake mtu huyo, na alikokaa, na namna alivyogawa fedha. Liandike jina hilo katika daftari lako kwa wino, pamoja na tarehe uliyoambiwa na jina la mzee aliyekueleza, kwa sababu huenda lisiwe limeandikwa mahali pengine popote.